Shaba Ndani ya Dhahabu

Mwishoni mwa Septemba 1918, zikiwa zimesalia wiki sita Vita Kuu ya Kwanza ikome, wafuasi wa Sigmund Freud walikutana Budapest katika jumba la Akademia ya Sayansi ya Hungaria, kando ya Mto Danube. Wengi wao walikuja wamevaa magwanda, maana walikuwa madaktari wa jeshi. Safari hii hata serikali zilituma wajumbe. Hospitali za vita zilijaa askari waliokuwa wakitetemeka, waliopoteza sauti au kupooza miguu bila jeraha lolote mwilini, na wakubwa wa jeshi walikuwa tayari kumsikiliza yeyote aliyedai kuwa na tiba.

Freud alizoea kuhutubia bila karatasi. Siku hiyo alisoma. Alianza na mambo ya ufundi, akamalizia na maskini. Alikiri kwamba tiba yake ilikuwa ikiwafikia watu wachache mno, wenye uwezo wa kulipa, ilhali mateso ya nafsi yametapakaa kila mtaa. Akatabiri kwamba iko siku dhamiri ya jamii itaamka, na fukara atatibiwa nafsi yake bure, kwa haki ileile anayofanyiwa upasuaji. Siku hiyo ikifika, tiba yenyewe haitabaki kama ilivyo. Dhahabu safi ya uchanganuzi nafsi itabidi ichanganywe na shaba ya ushawishi wa moja kwa moja. Pengine hata msaada wa fedha au chakula utalazimika kwenda sambamba na mazungumzo.

Historia ya mkabala unganishi katika ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia kwa kawaida huanzia mahali pengine, Marekani, mwaka 1932 au hata 1983. Mimi naianzia Budapest kwa sababu moja. Freud, aliyelinda mafundisho yake kwa wivu mkali kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeona mapema ni nani atakayeulazimisha mlango ufunguke. Hakumtaja mwanafalsafa wala profesa. Alimtaja mgonjwa asiye na fedha.

Mkabala unganishi, kwa maneno ya kawaida, ni pale mshauri anapokataa kufungwa na shule moja ya fikra. Anamsikiliza mteja kwa namna aliyojifunza kwa hawa, anatazama utoto wake kwa jicho la wale, anampa zoezi la kufanya nyumbani kutoka kwa wengine, na anajua kwa nini anafanya kila kimoja. Hilo la mwisho ndilo gumu. Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London aliyekuwa na ulimi mkali, aliwashambulia waliochanganya nadharia bila mpango, akaona wanachopika ni vurugu tupu. Hakukosea kuhusu waliochanganya ovyo. Alikosea kudhani kwamba hakuna namna nyingine ya kuchanganya.

Kabla ya kuungana, walitengana. Mwaka 1902 Freud alianza kuwaita madaktari wachache nyumbani kwake, Berggasse 19, Vienna, kila Jumatano usiku, wakazungumza kwenye chumba cha kungojea wagonjwa. Alfred Adler alikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1911 akajitoa. Miaka miwili baadaye Carl Jung naye akakatana na Freud. Kila aliyeondoka alianzisha shule yake, na msamiati wake, na wafuasi wake wasiosoma vitabu vya wengine. Kochi walilokuwa wakilalia wagonjwa wa Freud sasa liko London, 20 Maresfield Gardens, katika nyumba aliyohamia mwaka 1938 akiwakimbia Wanazi. Limefunikwa zulia zito la Kiajemi, na upande wa kichwani pana kiti chake cha kijani, kimewekwa ili mgonjwa asimwone anayemsikiliza. Mgonjwa alilala pale saa moja kwa siku, hadi siku sita kwa wiki, pengine kwa miezi mingi. Ukilitazama kochi lile unaelewa mara moja kwa nini yule fukara aliyetajwa Budapest asingeweza kulikaribia.

Ng'ambo ya bahari, watu wengine walikuwa wakifuata njia tofauti kabisa. Walikuwa wamesoma majaribio ya mwanasayansi Ivan Pavlov, aliyewafunza mbwa wake kuitikia kengele, wakaamini kwamba woga hufunzwa na mwili, na kwamba kilichofunzwa kinaweza kufutwa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia kijana wa New York, Mary Cover Jones, alichapisha kisa cha mtoto aliyemwita Peter. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka mitatu alipoanza kumshughulikia. Alimwogopa sungura, akaogopa pia panya mweupe, koti la manyoya, hata pamba. Jones alimkalisha kwenye kiti chake kirefu, akampa chakula anachokipenda, na huku anakula, sungura akaletwa ndani ya kizimba na kuwekwa mbali kiasi cha kutomsumbua. Siku zilizofuata kizimba kikasogezwa karibu kidogo. Watoto wengine wasiomwogopa sungura waliletwa chumbani wacheze naye Peter akiwaona.

Katikati ya kazi hiyo Peter akaugua homa ya vipele vyekundu, akalazwa hospitalini kama miezi miwili. Siku ya kurudi, akiwa na muuguzi wanapanda teksi, mbwa mkubwa aliwarukia. Kila kitu kilirudi nyuma. Jones akaanza upya, kwa subira ileile, hadi mtoto akamwacha sungura amng'ate-ng'ate vidole bila kulia.

Kisa hiki hutajwa vitabuni kama chimbuko la tiba ya tabia, na ni kweli. Lakini ukikisoma taratibu unaona vitu vingi kwa pamoja. Kuna chakula na kizimba, ndiyo. Kuna pia wenzake wanaocheza, na mtu mzima anayemwamini, ambaye hakumkasirikia alipoanguka. Jones aliyaandika yote hayo. Waliomfuata wakachukua kizimba na chakula, wakaacha mengine.

Mwaka 1932 katika mkutano wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliofanyika Philadelphia, alisimama daktari wa Chicago aliyeitwa Thomas French. Alikuwa mtu wa upande wa Freud. Mada yake ilikuwa kwamba Freud na Pavlov, kila mmoja kwa lugha yake, huenda wanaeleza mambo yanayokaribiana: kile ambacho mmoja anakiita kusukumiwa chini ya fahamu, mwingine anakiona mbwa anapozuiwa kuitikia kengele. Mjadala uliofuata umehifadhiwa kwenye maandishi. Msikilizaji mmoja, Abraham Myerson wa Boston, alisema alitamani kumtuma mhudumu wa hoteli akawaite Freud, Pavlov na Watson, mwanasaikolojia wa tabia, waje wasikie, na akadhani Pavlov angelipuka kwa hasira. Adolf Meyer wa Johns Hopkins, aliyeheshimiwa kuliko wote ukumbini, alikuwa mpole zaidi: kila njia iendelee kivyake, na pale zinapokutana zenyewe tufurahi.

 French alisimama mbele ya watu waliojenga maisha yao juu ya tofauti, akawaambia huenda tofauti ni ndogo kuliko wanavyodhani. Miaka 14 baadaye yeye na mkuu wa taasisi yake, Franz Alexander, waliandika kitabu kilichotetea tiba fupi, yenye kubadilika kulingana na mtu, na wakaeleza kwamba mgonjwa hupona hasa kwa kupitia tena jambo lililomuumiza, mara hii mbele ya mtu anayeitika tofauti na aliyemuumiza. Wenzao wa mrengo wa dhahabu safi waliwashambulia vikali.

Kabla ya hapo, mwaka 1936, kijana wa miaka 29, Saul Rosenzweig, alichapisha makala ya kurasa chache tu. Swali lake lilikuwa rahisi na la kukera: ikiwa kila shule ina ushahidi wa wagonjwa waliopona, je, haiwezekani kwamba kinachoponya ni kitu ambacho wote wanacho bila kukitaja? Akapendekeza baadhi: nafsi ya mtibabu mwenyewe, nafasi ya kutoa ya moyoni, na maelezo yanayoshikamana vizuri kiasi cha kumsaidia mtu kujipanga upya, hata kama si maelezo pekee yaliyo sahihi. Juu ya makala aliweka mfano wa ndege dodo katika kitabu cha Lewis Carroll, anayewatangaza wakimbiaji wote kuwa washindi wanaostahili zawadi. Wasomaji wa Kiswahili walikipata kitabu hicho mwaka 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Tangu Rosenzweig, ndege huyo amekaa katikati ya mabishano ya taaluma hii na hajaondoka.

Mbishi mmoja mwenye mashine alipiga hatua ya maana. Carl Rogers, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na watoto na wazazi huko Rochester, aliamua kurekodi mazungumzo ya ushauri kwenye santuri, neno kwa neno, na mwaka 1942 akachapisha kisa kizima. Kabla yake, tulichokuwa nacho ni kumbukumbu za mtibabu mwenyewe, alizoandika jioni baada ya kazi, akiwa ameshajua anachotaka kuthibitisha. Rogers alimwita anayekuja kwake mteja badala ya mgonjwa, akasisitiza kwamba mshauri akimwelewa mtu kwa dhati, akimkubali alivyo na asijifanye, mtu huyo ataona njia yake mwenyewe. Mtu anaweza kumpinga Rogers kwa mengi. Kwa santuri zake, kila anayeijali kazi hii ana deni kwake, kwa sababu sasa maneno yaliweza kupimwa.

Na yakapimwa. Mwaka 1950 Fred Fiedler wa Chuo Kikuu cha Chicago alichukua mazungumzo yaliyorekodiwa ya watibabu wa shule tatu: wa Freud, wa Adler na wa Rogers. Wengine walikuwa mabingwa, wengine wanafunzi. Watu waliosikiliza walitakiwa kueleza uhusiano kati ya mtibabu na mteja. Matokeo yake ningependa yabandikwe kwenye kila darasa la ushauri nasaha: mabingwa wa shule tofauti walifanana wao kwa wao kuliko bingwa alivyofanana na mwanafunzi wa shule yake. Vitabuni walikuwa maadui. Mbele ya mteja, miaka ya kazi ilikuwa imewafikisha mahali pamoja. Mwaka huohuo John Dollard na Neal Miller wa Yale walitoa kitabu kilichofasiri mawazo ya Freud kwa lugha ya maabara, na wakakitabaruku kwa Freud na Pavlov kwa pamoja.

Hapa njia inaingia Afrika, na inaingia kwa mlango mbaya.

Wakati Fiedler akisikiliza santuri Chicago, Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilikuwa imeongozwa zaidi ya miaka kumi na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Alikabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938 bila mafunzo ya magonjwa ya akili. Kutokana na aliowaona mle ndani, watu waliokamatwa na kuletwa chini ya ulinzi, alijenga nadharia kuhusu bara zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamwagiza aeleze saikolojia ya Mau Mau, na akaandika kana kwamba ardhi iliyoporwa ilikuwa suala dogo, ugonjwa ukiwa vichwani mwa Wakikuyu. Sina njia ya kulisema hili kwa upole. Mtu aliyepewa dhamana ya wagonjwa aliitumia dhamana hiyo kuwatukana, na taasisi kubwa za dunia zilipiga mhuri. Kwa mtu anayemwona Mwafrika hivyo, mazungumzo ya tiba hayana hata pa kuanzia, kwa kuwa amekwisha amua kwamba upande wa pili hakuna wa kuzungumza naye.

Mwaka huohuo wa 1954, upande wa pili wa bara, Thomas Adeoye Lambo alikabidhiwa Hospitali ya Aro, nje kidogo ya Abeokuta, mji aliozaliwa mwaka 1923. Alikuwa amesomea udaktari Birmingham na magonjwa ya akili London. Majengo ya hospitali yalikuwa bado hayajakamilika. Lambo hakungoja. Alikwenda kwa wazee wa vijiji vya jirani, akawaomba wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na ndugu angalau mmoja, mama, shangazi au kaka, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza hospitalini asubuhi. Mchana mgonjwa alipata dawa na matibabu yote ambayo hospitali ya Ulaya ya wakati ule ingempa, pamoja na mshtuko wa umeme. Jioni alirudi kijijini, kwenye uwanja wenye watoto, mbuzi na majirani. Hospitali iliwakopesha wanakijiji fedha za kupanua nyumba na ikasaidia kuleta maji safi, nao wakapata kodi ya pango.

Kisha akafanya jambo la kushangaza. Aliwaajiri waganga wa jadi. Waganga wa Kiyoruba walijua mambo ambayo yeye, pamoja na vyeti vyake, alihitaji kuambiwa: mgonjwa huyu anaogopa laana ya nani, familia ile ina ugomvi gani wa urithi, ni ngoma au ungamo lipi litakalomrudisha huyu kati ya watu wake. Lambo hakuwapa sindano, wala yeye hakujifanya mganga. Kila mmoja alibaki na ujuzi wake, na mgonjwa akawa katikati. Alimpinga Carothers waziwazi kwenye majarida ya kitaaluma, akaona maandishi ya aina ile ni hadithi zilizovikwa joho la sayansi juu ya ubaguzi. Mwaka 1961 mkutano wa kwanza wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Afrika nzima ulifanyika Abeokuta, na wageni wakapelekwa vijijini kujionea. Baadaye Lambo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa shirika lilelile lililokuwa limemchapisha Carothers.

Mwaka 1961 pia, Baltimore, Jerome Frank alitoa kitabu ambacho kinasomeka kama maelezo ya Aro ingawa kilianzia mbali nayo. Frank aliwatazama waganga wa jamii mbalimbali, mahujaji wa Lourdes na madaktari wa nafsi wa Marekani, akauliza wana nini cha pamoja. Mtu anayekuja kwao wote, alisema, amekata tamaa: amejaribu, ameshindwa, na haamini tena kwamba anaweza. Anakuta mtu anayemwamini, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, maelezo ya shida yake anayoweza kuyaelewa, na jambo la kufanya linalotokana na maelezo hayo. Frank hakudai kwamba dawa na mbinu hazina maana. Alidai kwamba mbinu bila hayo manne huenda mikono mitupu.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Mtu wetu anayezidiwa na mawazo huamkia hospitalini, adhuhuri akaenda kwa shehe kusomewa, usiku akapelekwa kwa mganga na shangazi yake, na kesho yake akakaa barazani kwa rafiki aliyepitia msiba kama wake. Anaunganisha kwa miguu yake mwenyewe. Shida ni kwamba kila anakokwenda anaficha alikotoka. Daktari haambiwi habari ya kombe, na shehe haambiwi habari ya vidonge, na hapo ndipo watu huacha dawa ghafla au kuzidisha. Alichofanya Lambo ni kuitoa siri hiyo hadharani, ikawa mpango.

Afrika ilitoa pia upande mwingine wa hadithi, Johannesburg. Joseph Wolpe, daktari wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita ya Pili, aliwatibu askari kwa dawa za kuwafanya waseme yaliyowapata, na akaona hawaponi. Akarudi kwenye majaribio, akamsoma Mary Cover Jones, na mwaka 1958 akatoa njia ya kumwongoza mtu aukaribie woga wake hatua kwa hatua huku mwili umetulia. Mwanafunzi wake, Arnold Lazarus, ndiye aliyeifuata kwa bidii kuliko wote, hadi alipoanza kuwafuatilia wateja wake baada ya tiba kwisha na kukuta idadi kubwa wamerudi walikokuwa. Wengi wangelificha jambo kama hilo. Lazarus alilichapisha. Mwaka 1967 alitoa makala fupi iliyosema mtibabu anaruhusiwa kuazima mbinu yoyote iliyoonekana kufaa, itoke shule yoyote, bila kulazimika kuziamini nadharia za wenyewe. Hatua hiyo ilimtenga na mwalimu wake. Baadaye akawa anamchunguza kila mteja katika maeneo saba, kuanzia matendo na hisia hadi mahusiano na afya ya mwili, ili asidhani kwamba eneo analolijua yeye ndilo lenye shida.

Paul Wachtel wa New York alikwenda mbali zaidi ya kuazima. Alikuwa amekusudia kuandika makala ya kuibeza tiba ya tabia. Alipoisoma kwa makini, na kuona watu wakiifanya, alibadili nia, na mwaka 1977 kikatoka kitabu cha kuzioa nadharia mbili. Hoja yake inastahili kuelezwa. Freud alidhani jeraha la utoto limezikwa ndani ya mtu kama kitu kilichohifadhiwa. Wachtel alisema hapana, jeraha linaendelea kuishi kwa sababu linalishwa leo. Mwanamume aliyekataliwa utotoni anaogopa kukataliwa, kwa hiyo hujitenga, huongea kwa ubaridi, hawapigii watu simu. Watu nao humwacha. Naye husema: niliwajua tu. Utoto wake ni wa kweli, na ubaridi wake wa leo ni wa kweli, na ukitibu kimoja ukaacha kingine, gurudumu linaendelea kuzunguka. Hapo mazungumzo kuhusu mama yake na zoezi la kumpigia rafiki simu siku ya Ijumaa vinakuwa kazi moja.

Mwaka 1983 Wachtel na Marvin Goldfried walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuchunguza uunganishaji wa tiba za kisaikolojia, na kuanzia hapo jambo lililomtia French mashakani likapata majarida, makongamano na vitabu vya kufundishia. Sehemu hiyo naipita haraka. Njia ikishawekwa lami haihitaji msimulizi. Lakini jina la Goldfried tulishike, kwa sababu mwaka 1971 yeye na Thomas D'Zurilla walikuwa wameandika makala kuhusu kumfundisha mtu kutatua matatizo: yaorodheshe, chagua moja, tafuta njia nyingi, chagua inayowezekana, ijaribu, rudi tuitathmini. Miaka 35 baadaye hatua hizo zilifika Mbare, mtaa wa wafanyakazi jijini Harare.

Mbare ilikuwa imetoka kuvunjwa. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya watu wa mijini, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu kama 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wasiozidi dazeni moja hivi. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua, na mama wa marehemu akamweleza kwamba walikosa nauli ya kufika hospitalini. Chibanda akaomba nafasi kwenye zahanati ya Mbare. Akaambiwa vyumba hakuna, wauguzi hakuna. Kulikuwa na akina bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa huo, na kulikuwa na kivuli nje.

Wakaweka mabenchi. Mwanzoni yalipewa jina lenye kutaja afya ya akili, na bibi wenyewe wakasema hapo hataketi mtu. Likabadilishwa likawa Benchi la Urafiki. Anayekaa hapo kwanza hujibu maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona, kutokana na utafiti wa miaka ya 1990 ambamo waganga wa jadi na wauguzi wa Harare waliulizwa watu huelezaje mateso ya nafsi. Watu hueleza kwamba wanawaza kupita kiasi. Kisha bibi anasikiliza. Tuseme aliyeketi ni mwanamke anayeishi na VVU, mumewe hayupo, kodi ya nyumba ni ya miezi mitatu nyuma, mtoto amerudishwa kutoka shule. Bibi hamwambii la kufanya, na kwa mtu wa umri wake hilo ni gumu, maana maisha yake yote alipewa heshima ya kutoa amri. Anamwuliza katika hayo yote tuanze na lipi. Wanalipasua hilo moja hadi lipatikane jambo la kufanya kabla ya Alhamisi. Alhamisi anarudi. Baada ya vikao sita hivi anaalikwa kwenye kikundi cha waliomtangulia, ambako wanafuma mikoba kwa plastiki zilizookotwa na kuiuza. Shaba ya Freud imo yote humo, mpaka ule msaada wa fedha.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha zahanati 24 za Harare na watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabenchi yamevuka mipaka tangu hapo, Zanzibar ikiwa mojawapo ya yalikofika. Jaribio lile lilipima benchi zima kwa pamoja: bibi, hatua za Goldfried, Kishona, kivuli, kikundi cha mikoba. Halikusema ni kipi kilichofanya kazi. Najua patatokea watakaotaka kuzichukua hatua peke yake na kuziweka kwenye simu, kwa kuwa simu hailipwi posho. Baada ya kuifuata njia hii tangu Budapest, nawasihi wasimwondoe bibi kabla hawajathibitisha kwamba anaweza kuondolewa.

Na anayetafuta mshauri nasaha leo, Dodoma, Mombasa au Bujumbura, akaambiwa kwamba anayemwendea anatumia mkabala unganishi, ana haki ya kuuliza mambo matatu katika kikao cha kwanza. Kwa nini umechagua njia hii kwangu? Tutajuaje kama haifanyi kazi, na tutafanya nini hapo? Ukikwama, unamwendea nani? Bibi wa Mbare ana jibu la swali la tatu. Akisikia mtu anataja kujiua, hambebi peke yake: kuna msimamizi na muuguzi ndani ya zahanati, na juu yao kuna daktari wa kupigiwa simu.